Pishi ya Mtopanga Ndani ya Mashine

Manchester, 8 Januari 1962

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Ghanim,

Shikamoo Baba. Mimi mzima, ila baridi ya huku yaniuma masikio hata ndani ya nyumba. Natumai nyote hapo Mtopanga mu wazima, na goti lako limepoa. Shangazi Khairiya mpe salamu, mwambie achari yake iliniishia zamani.

Ile kazi niliyokutajia nimeipata. Hapa chuoni pana mashine ya kukokotoa, wenyewe waiita kompyuta, na ukubwa wake ni kama duka letu pamoja na ghala. Sisi vijana twaijaza vipimo visivyobadilika: kasi ya mwanga, uzito wa maji, nguvu ya ardhi ya kuvuta vitu chini. Twavitoboa kwenye utepe wa karatasi. Mtu akihitaji kipimo hukiuliza kwa jina, na mashine humjibu kwa maili au kilomita, kwa ratili au kilo, apendavyo mwenyewe. Mimi nimepewa vipimo vya Afrika Mashariki, na vitabu vyagombana juu ya pishi.

Nakuomba uijaze maji pishi yetu ya kupimia mchele wa fitri mpaka ukingoni, kisha uyapime maji hayo kwa mizani ya duka. Nataka ya Mtopanga nayo iingie. Na unijulishe safari yako ya Hija imefikia wapi.

Mwanao,
Yeslam

Mtopanga, 27 Januari 1962

Mwanangu Yeslam,

Marahaba. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Goti ni la mzee, halina habari mpya. Shangazi yako asema achari haiji kwa posta, atakaye aje aifuate.

Maji nimeyapima mara tatu, na mara zote shangazi yako alikuwa mlangoni akicheka, asema hajapata kuona muuza mchele akipima maji. Ni ratili tano kamili, hazizidi wala hazipungui. Iandike vizuri, maana pishi hii yajulikana. Kila mwisho wa Ramadhani mtaa mzima hupimia fitri kwayo, kila kichwa pishi moja, kisha tukawagawia masikini. Alikuwa nayo babu yako, nami nimeishika Ramadhani thelathini.

Hija ni mwaka huu, inshallah. Miaka kumi na minane nimeweka kidogo kidogo, na sasa nafasi yangu ipo katika meli ya Aprili. Nimekwisha kununua kitambaa cha ihramu, na kila nikifungua sanduku nakitazama kama bi harusi.

Babako,
Ghanim

Manchester, 14 Februari 1962

Baba yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema kwenu nyote. Mimi mzima wa mwili.

Niliingiza ratili zako tano. Kisha nikaingiza kipimo cha fitri kama wanazuoni walivyokiandika, nikaiuliza mashine ni ratili ngapi za maji. Ikajibu sita. Nilidhani nimetoboa utepe vibaya, nikarudia mara nne. Halafu nikakaa na kalamu, nikapiga hesabu hatua kwa hatua, nimekuandikia zote nyuma ya karatasi hii uzione. Ni sita. Pishi yetu ni tano.

Maana yake ni kwamba kila kichwa kimepunjwa sehemu moja katika sita. Nimeshtuka, Baba. Lazima yupo aliyeikata, na wewe nakujua, huwezi. Niwie radhi, lakini watu husema babu alitajirika upesi mno.

Mwanao,
Yeslam

Mtopanga, 12 Machi 1962

Mwanangu,

Marahaba. Idi imepita, tu wazima wa viungo. Mengine soma mwenyewe.

Barua yako niliisoma dukani nimesimama, kisha nikakaa juu ya gunia. Mteja akaniuliza kama nimefiwa. Siku mbili sikumwambia mtu. Siku ya tatu nikamwonyesha shangazi yako. Akaitaka pishi, akaijaza mchele kwa mkono wake mpaka ukapanda juu ya ukingo na kufanya kilima, hauna pa kushika tena. Kisha akaniuliza, “Ni nani aliyekwambia upime mfuto, usawa wa ukingo? Baba alipima tele.”

Yeslam, pishi haikukatwa. Ilitengenezwa ijazwe hivyo, na kile kilima ndicho ratili yako ya sita. Nilipokabidhiwa mimi, niliona mwenye kiganja kipana apata kilima kikubwa na mwenye kiganja chembamba apata kidogo. Nikaona si haki. Nikachonga kijiti, nikawa nausawazisha mchele ukingoni ili wote wawe sawa. Watu walinisifu kwa kijiti kile, nami nilipenda kusifiwa. Basi babu yako muombe radhi kaburini, mkosa ni mimi.

Ijumaa iliyofuata nilisimama msikitini nikawaambia. Fitri ya mwaka huu tulipima tele. Wengine walilia nami, wengine walitoka bila kunipa mkono. Nimeahidi kwamba upungufu wa Ramadhani zote thelathini nitaulipa mimi, kwa mchele wangu, mwaka baada ya mwaka, kwa nyumba zile zile zilizopokea.

Nakuletea orodha ya vichwa vya kila mwaka. Gunia moja latoa pishi arubaini za tele. Mimi sijiamini tena kupima wala kuhesabu. Iulize mashine ni magunia mangapi, maana mtu hendi Hija na haki za masikini shingoni.

Babako,
Ghanim

Manchester, 21 Machi 1962

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo. Pole sana, na babu nimemuomba radhi.

Orodha imeingia na jibu limetoka. Ni magunia manne. Yanunue, yagawe, upande meli yako kwa roho safi. Usijitese zaidi ya hapo.

Mwanao akupendaye,
Yeslam

Mtopanga, 20 Aprili 1962

Yeslam,

Marahaba. Sisi tu wazima.

Magunia manne niliyanunua siku ile ile barua ilipofika, nami nikicheka peke yangu njiani. Tukatandika mikeka mbele ya duka, nikaita nyumba kwa nyumba, tangu mwaka wa kwanza. Nilipima tele, shangazi yako akinitazama mkono. Mwaka wa tano haujaisha, gunia la nne likawa tupu. Mbele yangu walisimama watu wapatao hamsini. Bi Hafswa, mjane yule wa kisimani, alikuwa amekwisha kuweka kikapu chini. Alikiokota, akakifunika kichwani kwa ajili ya jua, akaenda zake.

Nilidhani mashine imekosa. Nikampelekea orodha Mwalimu Nicanor, yule wa bara afundishaye Changamwe. Akapiga hesabu kwa kalamu ya risasi juu ya meza yangu, chai yake haijapoa. Vichwa elfu sita, sehemu moja katika sita, pishi elfu moja. Magunia ishirini na tano. Nikaitoa barua yako nikaigeuza nyuma, nikaona safari hii hukuniandikia hatua. Hapo nikajua mashine haikukosa.

Najua ulichokuwa ukikilinda, ni safari yangu. Nafasi yangu nimeirudisha, kwa nauli yake magunia ishirini na moja yamekuja, na jana meli ikitoka Kilindini mimi nilikuwa mkekani napima mwaka wa kumi na mbili. Ungeniambia ishirini na tano ningelia, nikalipa, nikangoja mwaka mwingine kama Mungu angenipa. Sasa mtaa wasema tumewapunja mara mbili.

Waliniuliza ni nani aliyepiga hesabu ya magunia manne. Niliona haya kuisingizia mashine isiyo na ulimi. Nikawaambia ni mwanangu.

Babako,
Ghanim