Gemu Ipi Ina Ukweli wa Barabara

KLABU YA BURUDANI YA WAFANYAKAZI, KIWANDA CHA MIKATE
Kikao cha saba cha kamati, Jumamosi tarehe 14, chumba cha mapumziko cha madereva, kuanzia saa 8:10 mchana

WALIOHUDHURIA
1. Dereva Mkuu – Mwenyekiti
2. Fundi wa magari, ambaye kwa sasa anaosha magari – Mjumbe
3. Mpakiaji, anayeitwa Mtalii kwa kuwa akicheza mbio hutazama mandhari – Mjumbe
4. Karani wa ghala – Katibu

NAFASI ILIYO WAZI
Ya marehemu mume wa Katibu, aliyekuwa dereva. Haijajazwa.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa dakika kumi na tano. Alieleza kwamba mashindano ya wafanyakazi yamekaribia na runinga ni moja, hivyo kamati ichague gemu moja ya mbio za magari kati ya mbili zilizopo.

KUMB. NA. 2/7: KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Mwenyekiti alilalamika kwamba Katibu hukata maneno yake. Aliagiza kwamba kuanzia kikao hiki kila anachosema kiandikwe neno kwa neno na kubandikwa ubaoni, "watu wajue mwenyekiti wao si bubu." Kamati iliafiki. Katibu alifungua ukurasa mpya.

KUMB. NA. 3/7: YATOKANAYO
Fundi aliomba, kwa mara ya nne, kamati imsemee kwa Meneja arudishwe karakana. Alikumbusha kwamba aliondolewa baada ya ajali ya mwaka jana, ambapo gari la mikate lililoendeshwa na Mwenyekiti lilipinduka kwenye kona wakati wa mvua, na mume wa Katibu, aliyekaa kiti cha abiria, akafariki. Ripoti ya ajali, iliyoandikwa kwa kufuata maelezo ya Mwenyekiti, ilisema breki zilifeli. Fundi alisema breki hizo alizifunga kwa mikono yake siku mbili kabla. Mwenyekiti alijibu kwamba hii ni klabu ya burudani, si mahakama, "na wewe fundi usituharibie siku." Suala liliahirishwa tena.

KUMB. NA. 4/7: KULINGANISHA GEMU
Kila mjumbe alicheza gemu zote mbili kwa usukani uleule, na kutoa alama hadi kumi za uhalisia na hadi kumi za raha.

Katika Gemu Nyekundu gari linaruka mto, linavunja ukuta wa duka na kuendelea kama halikuona kitu. Likipinduka, baada ya sekunde tatu linarudishwa barabarani. Mtalii aliipa kumi za raha na mbili za uhalisia, akicheka mpaka akakohoa.

Katika Gemu ya Bluu matairi yanaisha, mvua inatelezesha, na mbio zikiisha unaonyeshwa ulikanyaga wapi mafuta na wapi breki. Mtalii alisema hiyo si raha, ni zamu nyingine bila mshahara. Fundi aliipa tisa za uhalisia. Alama moja aliizuia kwa sababu haina harufu ya breki zilizochemka.

Mwenyekiti alicheza Gemu ya Bluu kwenye mvua na kugonga ukuta mara tatu, kona ileile. Mtalii alimwambia, "Mkuu, hiyo kona ina kisa na wewe." Fundi alisoma kwenye kioo cha runinga kwamba Mwenyekiti alianza kukanyaga breki akiwa tayari ndani ya kona. Mwenyekiti alisimama. Maneno yake, neno kwa neno:

"Gemu ya uongo hii! Breki hazishiki! Gari la kweli ukikanyaga linashika. Mimi siku ile nilikuwa nampita yule wa lori, nikakanyaga ndani ya kona, mvua kama hii, na zilishika palepale mpaka nyuma ikazunguka! Mnanifundisha nini nyinyi?"

Katibu alimuuliza Mwenyekiti kama angependa kurudia, ili iandikwe sawasawa. Mwenyekiti alisema, "Shemeji, hizo hasira tu. Futa."

Katibu alieleza kwamba siku ya msiba Mwenyekiti alimshika mkono akamwambia, "Shemeji, ni breki, ningefanya nini?" na kwamba kwa miezi kumi na moja yeye Katibu hajamsalimia Fundi. Katibu aliona uchungu na hasira, na anaomba yote mawili yaingie kwenye kumbukumbu. Alimwomba Fundi msamaha mbele ya kamati. Fundi alisema wapige kura, kuna gari linasubiri kuoshwa.

KUMB. NA. 5/7: KURA
Bluu mbili, Nyekundu mbili. Mtalii alisema yeye bado anapenda Nyekundu kwa sababu ukipinduka unarudishwa. Kisha alimtazama Katibu, akaomba radhi. Mwenyekiti alitumia kura ya uamuzi. Gemu Nyekundu ilichaguliwa.

KUMB. NA. 6/7: MENGINEYO
Mwenyekiti aliagiza Kumb. Na. 4/7 ifupishwe iwe "wajumbe walijaribu gemu zote mbili." Katibu alimsomea Kumb. Na. 2/7.

KUMB. NA. 7/7: KUFUNGA
Kikao kilifungwa saa 10:25 jioni, Mwenyekiti akiwa ameshatoka.

Mwenyekiti: ........................ (amekataa kutia sahihi)

Katibu: imetiwa sahihi

Nakala: Ubao wa matangazo (imebandikwa saa 10:40)
Meneja
Fundi wa magari