Sahihi Niliyoitia Bila Miwani

Wajukuu zangu,

Babu yangu alikuwa mwashi, baba yangu mwalimu. Neno lao pekee lilitosha kuwa dhamana. Asubuhi hii afisa wa benki amenipigia simu, akaniuliza kwa upole kama najua kwamba nyumba yangu ya kupangisha, iliyo rehani kwao, inahamishiwa kampuni yenu bila idhini yao. Sahihi kwenye hati ya uhamisho ni yangu. Mkubwa wenu aliniambia, “Babu, weka tu hapa, ni utaratibu wa kawaida,” nami niliyekuwa nikiwachapa kwa kutosoma swali, nikatia sahihi bila miwani.

Fundi bomba anakuja saa tatu; mfungulieni. Chai imo kwenye chupa.

~~Sitaki kuwaona leo.~~

Nimetangulia benki kuwasihi wasidai deni lote kwa mkupuo, maana wakilidai, nyumba itapigwa mnada. Mkataba wa mkopo huu hapa mezani. Usomeni wote, kwa sauti, kisha mnifuate. Saa nne niwakute mlangoni pa benki. Nikiulizwa ni nani aliyenishauri, sitawataja, mtajitaja wenyewe. Nisikieni.

Babu yenu