Kompyuta ya Baba Haiwaki

Bujumbura, 14 Machi 1997

Kaka Ilyas,

Barua yako ya Dubai imefika. Mama anauliza kama unakula vizuri.

Kompyuta ya duka la Baba haiwaki. Feni inazunguka, kioo kinabaki cheusi, halafu inatoa mlio mara tatu. Nimepangusa vumbi, nimekaza waya zote. Hilo la vumbi usiniandikie tena. Unauliza kama kibao cha RAM kimekaa sawasawa. Apana, kaka. Hakipo.

Ni wewe uliyesema, kwa ajili ya embago, hivi vikwazo vya biashara, tugawe vipande kwa wasafiri, kila mtu na siku yake, ili askari wa bariyeri za barabarani wasichukue vyote. Vya wengine vimefika. RAM alikuwa nayo mdogo wetu Sami, mfukoni mwa shati. Alitoka Uvira, hapo tu ng'ambo ya mpaka, peke yake. Leo ni siku ya kumi.

Kila asubuhi Baba akitoka msikitini anabonyeza kitufe, anasikiliza ile milio mitatu, anazima.

"Bado," anasema. "Sami iko njiani."

Jana jirani yetu Jaffar alileta RAM yake tujaribu. Baba alimfukuza mbele ya wateja.

Tafadhali, usitume RAM nyingine.

Dada yako,
Alya