Kitanda cha Futi Mbili na Nusu

Mpendwa Mshauri,

Nimeyasoma majibu yako kwa miaka mingi, mengine nimeyakata gazetini na kuyabandika ukutani kazini kwangu, ila sikufikiri kwamba siku moja ningekuwa mimi wa kuandika na kuomba msaada, tena kwa jambo ambalo kwa kazi yangu nilipaswa kulijua kuliko mtu mwingine yeyote. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya uzazi wa mpango, nina miaka thelathini na sita, nimeolewa na fundi seremala, tuna watoto watatu, na wenzangu kazini huniita Bi Kanuni kwa sababu sivumilii kadi iliyojazwa ovyo.

Nilipomzaa mtoto wetu wa mwisho, ambaye sasa ana miaka minne, nilitokwa na damu nyingi mno, nikaongezewa chupa tatu, na daktari akatuambia sote wawili, mume wangu akiwa amesimama mlangoni na vumbi la mbao bado kichwani, kwamba mimba nyingine inaweza kuniondoa duniani. Basi nikawekwa vijiti mkononi, vile vya homoni vya kuzuia mimba kwa miaka mitano, na wala sikusita, kwani nilikuwa nimekwisha kuwawekea wanawake wengi nisioweza kuwakumbuka wote.

Hamu yangu haikuondoka siku moja, Mshauri. Ilififia kama redio inayoishiwa betri, mpaka nikashtuka kwamba sikumbuki mara ya mwisho nilipomtamani mume wangu, na si kwamba simpendi, nampenda, nikimsikia anakohoa nawaza kifua chake na lile vumbi, lakini akinigusa mwili wangu unakaa tu kama mzigo uliosahauliwa stendi. Mwanzoni nilijilazimisha. Baadaye nikawa najifanya nimelala. Halafu, na hili naona haya kuliandika, nikamtoa mtoto wa mwisho kwenye chumba cha dada zake nikamlaza katikati yetu, nikasema anaota ndoto mbaya, ilhali mtoto mwenyewe hajawahi kuota chochote kibaya, analala kama gogo.

Mume wangu si mkali. Alivumilia, akatania, akanyamaza. Siku moja tukiwa tunaanika nguo aliniambia, "Daktari wangu, kama umenichoka sema. Mimi nafanya kazi na mbao, lakini si mbao." Nikamwambia ni uchovu wa kazi. Akasema, "Na kama kuna mwingine niambie, nijue ninampisha nani." Nikamjibu kwa ukali nisioujua ulikotoka, akachukua beseni lake akaenda zake.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba huenda ni vijiti. Sikumwambia kwa sababu siku nilipowekwa, wifi yangu mwenye saluni alisema mbele ya ndugu wote waliokuja kuniona, "Wifi, hayo madude yatakuzima kama taa, huku saluni tunayasikia kila siku," nami nikamjibu, "Saluni mnasuka nywele, hamsomei uuguzi." Watu walicheka, na aliyecheka mpaka akakaa chini ni mume wangu. Nilimhakikishia kwa kinywa changu kwamba hakuna madhara ya namna hiyo, kwamba hizo ni hadithi za wanawake wasio na kazi. Sasa nirudi nimwambie nini?

Mwezi uliopita nilivua sare, nikaenda kliniki nyingine upande wa pili wa mji ambako hakuna anijuaye, nikajiandikisha kuwa ni mshonaji. Nilimweleza muuguzi, msichana mpole wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, kwamba sina hamu kabisa na nauliza kama kuna njia isiyo na homoni. Akanisikiliza huku anajaza kadi, akasema, "Mama, hayo ni mawazo tu. Punguza mawazo, mpikie baba chakula kizuri, yatapita." Mimi nimejaza kadi kwa miaka kumi na miwili na ninaweza kuzisoma hata zikiwa zimegeuzwa. Mahali palipoandikwa "Malalamiko" aliandika "Hakuna."

Nilimshukuru nikatoka. Sikuweza kumlaumu, Mshauri, kwa sababu maneno yale ni yangu. Ndivyo ninavyosema mimi, na ndivyo ninavyoandika mimi. Kadi ina visanduku vya damu, kichwa, tumbo na uzito. Anayelalamika kuhusu kitu kingine hana kisanduku, na asiye na kisanduku tunaandika hakuna. Nilipokuwa nasubiri gari la kurudi nilimkumbuka mama mmoja muuza mboga, mteja wa sindano ya miezi mitatu, aliyenijia mara tatu akisema, "Sista, mwili wangu umekuwa kama wa mtu mwingine, mume wangu nyumbani simtaki na kosa lake silioni," na mara zote tatu nilimwambia ni mawazo. Mara ya nne hakuja. Nilimwona baadaye kwenye benchi la wajawazito, akageuza uso.

Sasa kuna kitanda. Mume wangu ana karakana nyuma ya nyumba, na kwa wiki mbili hizi anatengeneza kitanda chembamba, futi mbili na nusu. Nikamuuliza ni cha nani. "Cha mteja." Mteja gani? "Mteja asiye na haraka." Lakini juzi nilimpelekea chai nikamkuta amelala chali juu ya zile mbao, anapima urefu kwa mwili wake mwenyewe. Alinyanyuka akajipangusa, akasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi atakipaka vanishi. Nadhani atahamia huko karakana, na akishahama sijui nitamrudisha kwa maneno gani.

Nimechoka, Mshauri. Nikivitoa vijiti naogopa mimba itakayoniua. Nikivitoa pale kazini wenzangu watajua, na wateja wetu watasema hata Bi Kanuni mwenyewe vimemshinda. Nikivumilia nitampoteza mume kwa kosa asilolijua. Nifanye nini?

Muuguzi Aliyechoka



MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu muuguzi,

Pole. Nasema pole kwanza kwa sababu uchovu wako ni wa kweli, na kwa sababu yatakayofuata si matamu.

Umemficha mume wako jambo la mwili wako kwa sababu wifi yako angecheka. Hebu lisome tena hilo sentensi kwa sentensi, kama usomavyo kadi. Mtu aliyesimama mlangoni na vumbi kichwani akisikia kwamba unaweza kufa, unamwacha aamini kwamba una mwanamume mwingine wa siri, ili mwenye saluni asipate la kusema. Mwache aseme. Atasema wiki moja, kisha atapata habari nyingine. Saluni hazikosi habari.

Hukuwa mwongo siku ile. Ulisema ulichokijua, ila ulikisema kana kwamba umekijua chote. Wapo wanawake wengi wanaotumia njia za homoni wasione tofauti yoyote, na wapo wanaoona hamu yao inapungua, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana ni kwa kiasi gani. Kwa hiyo mimi sitakuambia kwamba ni vijiti. Wewe nawe huna haki ya kuendelea kusema kwamba si vijiti. Una watoto watatu, una kazi ya kusimama kutwa, ulimwaga damu nyingi, na una siri inayokukaa kooni kila mumeo anapokusogelea. Lolote kati ya hayo linaweza kuzima hamu, na yote kwa pamoja yanaweza zaidi. Pima damu yako. Mwambie daktari pia kama usingizi, chakula na furaha ya mambo mengine navyo vimepungua, maana huzuni nayo ni ugonjwa, na kama una dawa nyingine unazotumia, umtajie.

Usivitoe vijiti leo kwa hasira. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba vikitoka tu mimba inaweza kuingia mapema sana, na wewe si mtu wa kujaribu bahati. Kwanza chagueni njia nyingine, iwe tayari, ndipo vitoke. Kuna kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni na hukaa miaka mingi. Lakini kinaweza kuongeza damu ya mwezi na maumivu, hivyo majibu ya kipimo cha damu yatangulie. Kuna kondomu, zinazotaka nidhamu kila mara bila kukosa. Kuhesabu siku nakukataza; hiyo ni njia ya wanaoweza kuvumilia makosa, na kwako matokeo ya kosa moja yamekwisha kutajwa na daktari. Halafu kuna njia ambayo katika barua yako yote hukuiandika hata mara moja: mume wako kufunga uzazi. Kama kweli hamtaki mtoto mwingine, upasuaji wake ni mdogo kuliko ambavyo wako ungekuwa, wala haumpunguzii uanaume. Baada yake mtaendelea na kinga nyingine kwa miezi kama mitatu mpaka apimwe na kuambiwa kwamba mbegu zimekwisha. Sisemi akubali. Nasema aulizwe. Kwa miaka minne mkono wenye vijiti umekuwa wako peke yako, naye hajui jinsi mkono huo ulivyo mzito.

Wala usimwahidi kwamba vikitoka hamu itarudi Jumatatu. Inaweza kurudi taratibu, inaweza kusitasita. Mwambie ukweli huo pia. Mpaka hapo asikulazimishe, nawe usijilazimishe. Kushikana mikono si deni la jambo jingine.

Sasa kuhusu kazi yako, na hapa sitakubembeleza. Yule msichana wa kliniki ya pili alikuumiza kwa dakika tano. Wewe ulimfanyia mama muuza mboga hivyo hivyo mara tatu, na akaondoka bila njia yoyote kwa sababu ulijali usafi wa kadi kuliko shida ya mtu. Kama kadi haina kisanduku, ina pembeni. Andika pembeni. Andika maneno ya mwanamke kama alivyoyasema, mwambie njia nyingine zipo, na umpe siku ya kurudi. Vijiti vyako vitolewe pale pale kazini kwako, mchana, na mwenzako akijaza kadi yako msimamie aandike sababu. Wateja wakisema hata Bi Kanuni vimemshinda, uwajibu kwamba ndiyo, na kwamba ndiyo maana mlango huo una njia zaidi ya moja. Na yule mama ukimwona tena kwenye benchi, usingoje akutazame. Nenda umwombe radhi, kisha umuulize baada ya kujifungua angependa kutumia nini.

Lakini kabla ya hayo yote, kuna Jumamosi. Usingoje ifike. Gazeti hili likikufikia, nenda karakana ukiwa na mikono mitupu, usibebe chai ya kujificha nyuma yake. Mwambie: hakuna mwingine, mwili wangu umenyamaza, nadhani najua mojawapo ya sababu, na nilikuficha kwa sababu nilimcheka dada yako mbele ya watu nikaona aibu kuyala maneno yangu. Kisha nyamaza umwache aulize. Akikasirika, ana haki. Kaa hapo hapo mpaka hasira imwishe.

Mkimaliza, mwonyeshe mahali pa kukata. Kitanda hicho akipunguze kwa msumeno kimfae mtoto wa miaka minne, akipake vanishi yake Jumamosi kama alivyopanga, na kikikauka akiweke kwenye chumba cha dada zake mtoto. Yeye ndiye mteja.