Mfereji Uliouchora, Filipo

Zuzu, Dodoma,
14 Septemba 1912.

Mdogo wangu mpendwa Filipo,

Shikamoo yako ilifika, marahaba. Hujambo huko Dar es Salaam? Mkeo Ruthu na watoto hawajambo? Sisi tungesema hatujambo kama mama asingekuwa kitandani, anaharisha tangu mwezi uliopita.

Sasa nisikilize, maana nimekasirika na sitaficha.

Yule Bwana Mdachi, fundi wa maji uliyekuja naye kupima, amemaliza kazi ya stesheni. Maji ya kunywa ya wazungu yanapita kwanza kwenye tangi la mchanga, yanatoka safi kabisa. Vizuri. Lakini uchafu wa vyoo vyao unashuka kwa ule mfereji uliouchora wewe, unamwagika korongoni, juu ya visima vyetu!

Nilikwenda kumlalamikia. Akashangaa kweli. Anasema alikuuliza kama kuna watu wanaochota pale, ukajibu hakuna, korongo ni kavu. Kavu? Wewe wa kusema hivyo? Si tulikuwa tukifukua mchanga ule pamoja, watu wakichota upande wa juu, ng'ombe wakinywa upande wa chini, na jioni tunafunika visima kwa miiba? Mdachi aliona miiba tu. Wewe ulijua kuna nini chini yake.

Najua kwa nini. Ulikuwa na viatu mguuni na Kidachi mdomoni, ukaona haya kumwambia kwamba mama yako anakunywa maji ya kufukua. Aibu gani hiyo, Filipo! Na tangi lao je, si mchanga ule ule?

Huyu Bwana yuko tayari kuupeleka mfereji ukamwagikie chini zaidi, kupita wanyweapo ng'ombe. Mkubwa wake huko Dar es Salaam hataki. Anasema mchoro haubadilishwi kwa makelele ya mwanamke wa Kigogo, labda aliyeuchora akiri kwamba alidanganya. Basi nenda ukakiri, kabla ya mvua. Wakikufukuza, wakufukuze. Jembe lako lipo.

Shemeji yako Yotham anakusalimu, na shangazi Zipora pia. Mungu akulinde, akupe na mdomo wa kusema.

Mama naye anakusalimu sana. Kila anayekuja kumwona anamwambia kwamba mfereji wa stesheni umechorwa na mwanawe. Kisha anaomba maji.

Sijamwambia.

Ni mimi dada yako, nakupenda hata na hasira hizi,
Yudith