Landrova Yako Iko Kilifi, Baba

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo, ila goti humsumbua asubuhi. Kaka yangu Katana amepata kazi huko kwenye kiwanda cha chumvi Marereni ulikofanya wewe, si udereva, ni mashine za kufungasha. Mahindi yameshika vizuri mwaka huu. Hayo ndiyo ya nyumbani. Lililonifanya nishike kalamu ni Landrova.

Ulipofariki, Katana alitaka kuiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alisema kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, basi imebaki nini? Mimi nikakataa. Sikuwa na hoja kubwa. Nusu ya watoto wa kijiji chetu mama zao walifikishwa hospitali kwa gari lile, nikaona haya lipimwe kwa kilo.

Kupata fundi ndiyo ilikuwa kazi. Wa kwanza, wa Malindi, alikuja nyumbani, akalizunguka gari mara moja, akalipiga kofi ubavuni, akasema, "Mwalimu, nipe wiki mbili. Litang'aa mpaka ulisahau." Hakuinama hata kidogo. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema: fundi mtazame magoti ya suruali, yakiwa safi, ondoka. Nikamwacha aende zake.

Wa pili, Mombasa, alitaka nimwachie gari nirudi likiisha. Nikamwuliza kama naweza kupita siku mojamoja kutazama kazi. Akasema wateja wakija ovyo kazi haiendi. Nikamshukuru, nikaaga.

Wa tatu ni Fundi Athumani wa Kilifi. Huyu hagusi gari jingine ila Landrova za zamani. Alitoka chini ya moja, magoti meusi tititi, na hakunitajia bei wala siku. Alinipa majina ya watu wawili aliowatengenezea. "Nenda kawaulize," akasema, "nami sitawapigia simu kuwaambia unakuja. Wakikwambia mabaya yangu, usirudi."

Nilikwenda kwa mmoja wao, mzee mfuga mbuzi huko Kuruwitu. Akaniambia Athumani huchelewa, tena huchelewa sana, na simu hupokea anapotaka mwenyewe. Kisha akatandika gunia ili nilale nitazame gari lake chini. Miaka mitatu tangu litoke kwa Athumani, na kutu hapana. "Nimekwambia ya kuchelewa," akasema, "ili uyaamini na haya mengine." Basi tukakodi lori, Landrova ikaenda Kilifi.

Athumani aliniwekea kiti nikae nione wakifungua. Kila nati ilitiwa koponi na kopo likaandikwa jina. Siku ya pili akaniita kutoka chini.

"Mwalimu, hebu njoo. Marehemu alikuwa akibeba nini humu?"

"Watu," nikamwambia. "Wagonjwa. Wajawazito."

Akachukua nyundo ndogo, akagonga chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Nyundo ikazama kama kwenye papai bivu. Chumvi ilikuwa imeila kwa ndani. Mbele kidogo, juu ya springi ya nyuma, palikuwa na ufa, na juu ya ufa kiraka cha chuma kilichochomelewa na kupakwa rangi ya kijani.

"Alichomelea mwenyewe huyu," Athumani akasema. "Si mkono wa fundi, lakini macho alikuwa nayo. Ona alivyokuwa akikwaruza kwa msumari kila ufa ulipofika. Hapa. Hapa. Na hapa. Ufa umekipita kiraka. Mtu anayeyajua haya hapakii binadamu humu. Shimo moja tu barabarani, gari linakatika."

Baba, rangi ile ya kijani niliijua. Ndiyo uliyoipaka milango ya nyumba mwezi nilioolewa. Na Kache, mke wa jirani yetu Ngala, alishikwa na uchungu mwaka uliofuata.

Unakumbuka. Ngala alikuja mbio kuomba gari, nawe ukasema, "Gari halifai." Lakini lilikuwa likinguruma kila asubuhi, kijiji kizima kikilisikia. Nani angeamini? Kache akapakiwa kwenye bodaboda, akajifungulia kando ya barabara, juu ya kanga. Mtoto alipona kwa rehema za Mulungu. Ngala hakukusalimu tena. Nami binti yako, mbele ya watu, nilikwambia una roho ya jiwe. Ulichukua mkeka ukaenda kulala chini ya gari, nasi tukasema mzee amenuna. Kumbe ulikuwa ukiutazama ufa.

Nililia pale kwa Athumani. Alinipa maji, akatoka nje akajifanya anatafuta spana.

Mama nilimweleza jioni ile. Akasema, "Mimi aliniambia habari ya ufa, mara moja tu. Nami sikumsikiliza."

Kwa Ngala nilikwenda mwenyewe. Siku ya maziko yako alisimama nje ya ua, hakutia hata konzi ya mchanga. Nilimwomba tufuatane Kilifi, nikadhani atakataa. Akaja. Athumani alimwonyesha kila kitu bila kunipendelea mimi wala wewe. Ngala alipitisha kidole kwenye ufa, akakirudisha, akapitisha tena. Akauliza, "Kwa hiyo wangekufa wote wawili?"

Athumani akamjibu, "Hilo silijui. Ninalolijua ni kwamba mimi nisingempakia mke wangu."

Tukarudi nyumbani. Kesho yake mama alisikia jembe nyuma ya nyumba. Alikuwa Ngala, anapalilia kaburi lako, na binti yake, yule aliyezaliwa barabarani, ameketi kando anang'oa magugu kwa mikono. Yuko darasa la nne sasa. Anasoma vizuri, mimi ndiye ninayemfundisha hesabu.

Gari bado halijaisha. Athumani amechelewa, kama nilivyoambiwa. Chesisi nyingine imepatikana, inasafishwa. Bodi ataiacha na mikunjo yake, amekataa kuificha kwa lipu na rangi. Nami nimeanza kujifunza kuendesha. Mwalimu wangu analalamika kwamba nashika usukani kama nimeshika mwizi.

Ninakuomba radhi, baba, kwa neno lile. Nililisema nikidhani najua. Na ninakuahidi hili: likirudi nyumbani litabeba watu kama zamani, mchana na usiku, sitamkataza mtu. Lakini siku nitakayoona halifai, nitaliegesha, waseme watakavyosema.

Pumzika, baba yangu.

Mwanao,
Sidi