Malkia wa Kadi za Posho

Irving, 4 Novemba 2018

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila miguu inauma kwa kusimama kazini. Wewe je, na presha yako? Simu hupokei, basi nakufuata kwa karatasi.

Kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ameletwa bibi mmoja Mbelgiji, Madame Corvane. Siku ya kwanza namvalisha soksi, nikatupa jicho kwenye picha aliyotundika ukutani, soksi nikaiacha nusu mguu. Ni Malkia! Yule mnyonya damu wa ile sinema ambayo baba mdogo Thaddée alikuwa akiitafsiri kwa kipaza sauti kwenye banda la video, tulipokuwa wakimbizi kambini. Nikamwambia kwa Kifaransa changu cha kuombea maji: "Madame, kwetu watu walikucheka mpaka wakaanguka kwenye mabenchi."

Yalipotoka mdomoni nikajuta. Kumbe yeye akanishika mkono kwa zile kucha zake nyekundu. Maisha yake yote aliomba apewe nafasi ya kuchekesha, nao watengenezaji wa sinema wakimjibu kwamba sura kama yake ni ya kutisha na kutamanisha wanaume, basi. Sasa ana miaka themanini na mbili na moyo umechoka. Daktari hampi muda mrefu. Anataka kuyajua yale maneno ya baba mdogo yaliyowachekesha watu, kabla hajafa. Mimi nilikuwa na miaka saba, nakumbuka vicheko tu. Wewe una kaseti ya sauti ya baba mdogo. Nisaidie.

Mwanao,
Elvire

Houston, 20 Januari 2019

Elvire mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Presha ipo palepale, tumeshazoeana.

Kaseti ilikunywa maji ya mafuriko ya mwaka juzi. Niliianika juani siku nne, nikaiweka redioni, ikakoroma kidogo ikanyamaza. Hivyo ndivyo nilivyompoteza mume wangu mara ya pili.

Halafu unaniletea habari za mwanamke yule! Siku ile nilimwambia Thaddée tuondoke, watu wenye bunduki wameonekana mtoni. Akasema watazamaji wamemwomba arudie kipande cha Malkia, dakika kumi tu. Walimkuta bandani na kipaza sauti mkononi. Usiniandikie tena mambo ya kuchekesha.

Mama yako mdogo,
Marie-Goretti

Irving, 3 Machi 2019

Mama mdogo,

Shikamoo, na unisamehe. Habari ya zile dakika kumi hakuna aliyewahi kunisimulia.

Madame amejaribu mwenyewe. Juzi wazee wanacheza bingo, alijifunga shuka shingoni, akasukuma kigari chake cha kuegemea hadi kwa mzee mmoja, akamng'ata shingo. Meno ya bandia yakabaki kwenye kola ya shati. Nilitaka kucheka, lakini mzee wa watu alikuwa analia. Wauguzi wakaitana, dawa ya kumtuliza ikaongezwa, sasa anashinda amelala mdomo wazi. Jana aliamka kidogo akaniambia: "Bila maneno yenu mimi ni kichaa tu."

Sikuombi kitu. Nakuarifu tu.

Mwanao,
Elvire

Houston, 1 Machi 2020

Elvire wangu,

Najua, ni mwaka mzima. Mzima wewe? Na huyo Madame bado yupo? Kama hayupo, soma hivyohivyo.

Jumatano pale kwenye ghala la chakula cha msaada tumepanga foleni, dada mmoja akachomekea mbele yangu. Kabla sijafikiri nikapayuka: "Kadi yako iko wapi? Wewe umeshatobolewa, rudi nyumbani!" Kwa sauti ya Thaddée, Elvire, ile nyembamba ya kubana pua. Nikacheka mpaka nikakaa sakafuni, halafu nikalia, msimamizi akaniletea maji.

Basi ndiyo hiyo. Kwa Thaddée, Malkia hakuwa mnyonya damu, alikuwa karani wa posho, yule wa kambini aliyetoboa kadi yako ukishapimiwa unga. Kila anayeingia kwenye jumba lake anaulizwa: "Kadi iko wapi? Familia ya watu wangapi?" Kijana anatetemeka, Malkia anainama shingoni, matundu mawili. "Nimekutobolea. Urudi mwezi ujao!" Akikuta shingo ina matundu tayari, anawaka: "Umeshatobolewa, unataka kula mara mbili?" Na wale watu walikuwa wametoka kusimama juani tangu asubuhi kwa ajili ya unga! Ungewaona!

Mwambie asicheke yeye. Thaddée hakucheka kamwe, alisema kwa hasira ya kweli. Pasaka nakuja kwa basi nimwonyeshe mwenyewe.

Mama yako mdogo,
Marie-Goretti

Irving, 19 Aprili 2020

Mama mdogo,

Shikamoo. Habari si nzuri, sitakuficha. Corona imeingia kazini. Milango imefungwa tangu Machi, ndiyo maana nilikuandikia usije Pasaka.

Lakini maneno aliyapata. Dawa ya kumtuliza walikuwa wameshaipunguza, tukafanya mazoezi siku kumi na mbili, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Siku ya vipimo muuguzi akaja amejifunga plastiki mwili mzima, ameshika kile kijiti cha puani. Madame akajiinua kitandani, macho yamemtoka: "Kadi yako iko wapi?" Nilicheka mpaka miwani yangu ikajaa ukungu. Yeye hakucheka. Alinisubiri nimalize, ndipo akamgeuzia muuguzi shingo na kusema: "Nimeshatobolewa. Rudi nyumbani." Kuyageuza vile sikumfundisha mimi. Alikuwa mchekeshaji kweli, Mama mdogo.

Alifariki Jumanne, peke yake. Hatukuruhusiwa kuingia chumbani kwake.

Mimi nakohoa tangu Alhamisi. Nimejifungia ndani, na hii naiandika kidogokidogo kwa sababu pumzi inakatika.

Mwanao,
Elvire

Houston, 23 Aprili 2020

Elvire,

Leo hakuna salamu. Nimepiga simu mara tisa hupokei. Sasa najua nilivyokutesa miaka yote hii.

Deo wa parokiani ananileta kwa gari lake. Barua hii nitaisukuma chini ya mlango wako, kisha nitashuka kwenye maegesho nisimame chini ya dirisha lako. Nitaifanya sinema nzima, sauti zote, hata za farasi. Majirani wakitaka wawaite polisi. Kila nilichobaki nacho cha Thaddée nitakitoa pale, sibakishi.

Ukiweza kucheka, cheka. Ukikosa pumzi ya kucheka, gonga kioo. Sitaondoka mpaka nisikie kimojawapo.

Mama yako mdogo,
Marie-Goretti